Kujijenga kitaaluma kwenye uhifadhi wa majengo ya kale ya China: nianzie wapi nikiwa Arusha?

Mchoraji_Kijenge

Habari za jioni wakuu. Nina shahada ya usanifu majengo, niko Arusha kwenye ofisi ya michoro, na nimeshaamua: nataka njia ya chuo kikuu, yaani utafiti na ufundishaji, kwenye uhifadhi wa majengo ya kale ya China, hasa yale ya mbao. Siyo kozi ya miezi mitatu, ni uzamili hadi uzamivu.

Ninapokwama ni hapa. Kila ninaposoma naona majina ya vyuo na picha za mapaa yaliyojikunja pembeni, ila sioni mtu wa fani hii akiamka asubuhi anashika nini mkononi. Anapima? Anasoma maandiko ya kale? Anachunguza mbao maabara? Na ni kipi kinachomfanya wenzake wamsikilize? Pili, Kichina cha kiwango gani kinatakiwa? Tatu, kuna mazoezi gani naweza kuyafanya hapa Arusha, au nikishuka Moshi, kabla sijatuma maombi popote? Nne, nikirudi kuna kazi?

Naomba wanaoijua fani wanijibu. Ile ya "China fursa kibao, we nenda tu" nimeshaambiwa na shangazi zangu wote.

---

Boriti_na_Pao

Karibu. Naanza na swali lako la kwanza kwa sababu ndilo linaloangusha waombaji wengi.

Ukimwandikia profesa kwamba unataka kusoma "urithi wa majengo ya China" hatakujibu. Siyo dharau, hajui akukalishe meza ipi. Meza zipo kama tano. Kuna wanaosoma maandiko na historia. Kuna wanaopima majengo na kutafuta kanuni ya vipimo iliyotumika kuyajenga. Kuna watu wa mbao, chokaa na uimara wa jengo, hawa wako karibu na wahandisi. Kuna wa miji na vijiji vya kale. Na kuna wa sheria na usimamizi wa maeneo. Michoro ya ukutani ni ukoo mwingine kabisa, wenyewe wako Dunhuang, kwenye mapango yenye michoro. Vyuo navyo vina vionjo: Tianjin inajulikana kwa kupima majengo ya kifalme ya enzi ya Qing (ukoo wa mwisho wa wafalme wa China), Tongji ya Shanghai kwa miji ya kale, ndiko alikotoka Ruan Yisan aliyepigania mji wa Pingyao usibomolewe hadi ukaingia orodha ya Urithi wa Dunia 1997, Southeast ya Nanjing inabeba urithi wa Liu Dunzhen, Tsinghua ya Beijing ni nyumba ya Liang Sicheng, wote wawili wanahistoria wa majengo. Chagua meza kwanza, chuo baadaye.

Kuhusu kipi kinampa msomi uzito, mwangalie huyo Liang, lakini usimwangalie kama sanamu, angalia *mpangilio* wa kazi zake. Yeye na mkewe Lin Huiyin walisoma Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 1931 akajiunga na jumuiya ya utafiti wa majengo iliyoanzishwa na Zhu Qiqian. Mbele yao kulikuwa na kitabu cha kanuni za ujenzi cha enzi ya Song, Yingzao Fashi cha Li Jie, kilichochapishwa 1103. Kilisomeka kwa herufi, hakikueleweka kwa maana, kwa sababu majina ya vipande vya mbao yalikuwa yameshakufa midomoni mwa mafundi. Hakukurupukia kitabu hicho. Alianza na mwongozo wa Qing wa 1734, kwa sababu mafundi waliokarabati ikulu ya Beijing walikuwa bado hai na angeweza kuwashika mkono wamwonyeshe: hiki kinaitwaje, kinaingia wapi. Matokeo yake yakatoka kama kitabu 1934. Wakati huohuo alishaenda kupima hekalu la Dule huko Jixian mwaka 1932, jengo la 984, karne moja na ushee tu kabla ya kitabu cha Song. Yaani alitembea kinyumenyume kutoka kinachojulikana kwenda kisichojulikana, na kila hatua akaacha michoro yenye vipimo ambayo mwingine anaweza kuibishia. Ndiyo kazi ya fani hii. Maoni mazuri kila mtu anayo. Mchoro uliopimwa vizuri unatumika miaka tisini baadaye.

Mfano wa karibu zaidi ni ukumbi wa mashariki wa hekalu la Foguang, mlima Wutai, Julai 1937. Kwa kutazama tu mtu angesema ni la kale sana kwa ukubwa wa zile dougong, vile vipande vya mbao vinavyopandana kama viganja chini ya paa kupokea uzito wa ukingo. Lakini "naona ni la kale" siyo ushahidi. Walipanda darini, vumbi la kuzama mguu, popo, kunguni. Lin akaona wino hafifu chini ya boriti. Wakajenga jukwaa, wakaosha boriti kwa maji hadi maandishi yakajitokeza. Kulikuwa na jina la mwanamke mfadhili, Ning Gongyu. Jina hilohilo limechongwa kwenye nguzo ya jiwe uani, na nguzo ile ina tarehe: 857. Boriti na jiwe vikashuhudiana. Ukiandika andiko lako la utafiti, jiulize: boriti yangu ni ipi, na jiwe langu ni lipi? Kama una kimoja tu, bado huna hoja.

Kichina: vyuo vingi kwa programu za Kichina huomba HSK (mtihani rasmi wa Kichina kwa wageni) ngazi ya 4 au 5. Ila tuelewane, HSK haikufundishi kusoma Yingzao Fashi. Kile kimeandikwa kwa herufi za zamani zenye mistari mingi, matoleo ya kale hayana nukta wala mkato, na msamiati wake haumo kwenye kitabu chochote cha lugha. Jifunze herufi za sehemu za jengo mapema, kama 150 hivi, kwa kuzichora pembeni ya mchoro wa kipande chenyewe. Usizikariri kwenye orodha, zitachanganyikana. Kwa mafunzo ya lugha hapa nchini kuna Taasisi za Confucius Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Dodoma.

---

Mzee_wa_Timazi

Boriti amesema vizuri ya vitabuni. Mimi niongeze ya mguuni mwa nguzo, maana nusu ya kazi ya uhifadhi wa mbao iko pale chini na vijana wanapiga picha juu.

Nguzo ya jengo la Kichina haichimbiwi, inakaa juu ya kitako cha jiwe. Nguzo iliyo wazi huwa salama. Inayooza ni iliyomezwa na ukuta wa matofali, kwa sababu unyevu unapanda kwenye tofali na mbao haina pa kupumulia. Mafundi wa zamani walilijua hilo: kwenye ukuta, usawa wa mguu wa nguzo na tena juu yake, waliweka tofali lenye matundu ya kupitisha hewa, mara nyingi limechongwa maua. Mtu asiyejua anaona ni pambo, anapiga plasta, tena ya saruji. Baada ya miaka kadhaa nguzo inakuwa unga kwa ndani huku rangi ya nje inang'aa. Ukungu wa kuozesha mbao unahitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi. Ukiziba tundu umeupa.

Uchunguzi unaanza na vitu vya bei ndogo: nyundo ndogo ya mbao (gonga kuanzia chini kupanda juu kila sm 10, sikiliza sauti inapobadilika kuwa ya debe tupu), msumari wa kushindilia kwa mkono, kipima unyevu cha pini. Baada ya hapo ndiyo zile mashine: ya mawimbi ya sauti inayokupa picha ya jumla ya kipande, na ile ya kutoboa kwa sindano nyembamba inayochora ukinzani wa mbao. Ya sindano hupima mstari mmoja tu, ukitoboa sehemu moja na kutangaza nguzo nzima ni salama, umejidanganya.

Tiba zina ngazi. Uozo wa juujuu na kiini kizima: chonga kilichooza, pachika mbao kavu ya aina ileile. Uozo wa mguuni usiopita theluthi moja ya urefu wa nguzo: kata na uunganishe mguu mpya, wenyewe wanaita dunjie. Ukipita hapo ndiyo unafikiria kubadili nguzo nzima, na hata hapo kuna mbinu ya kutegemeza boriti kwa muda na kuichomoa nguzo moja bila kufumua paa. Kufumua jengo lote ni la mwisho kabisa.

Dunjie inaharibika wapi? Kwanza, kwenye kupandisha. Unategemeza boriti kwa jeki ili nguzo iachie mzigo, na kinachotakiwa ni milimita chache tu. Akipandisha fundi kwa pupa, ndimi za viungio vya jirani zinapasuka ndani ya matundu yake na hutaziona. Pandisha kidogo, acha, kagua nyufa na timazi za nguzo za jirani, ndipo uendelee. Pili, kiungio. Kinakatwa nusu kwa nusu, vipande vilaliane kwa urefu wa mara moja hadi moja na nusu ya kipenyo cha nguzo, halafu pete za chuma juu na chini. Nguzo ya sm 40, basi kilalio cha sm 40 hadi 60. Fundi akifupisha ili aokoe mbao, nguzo inapata goti. Tatu, mbao mbichi. Ukipachika kipande chenye unyevu wa asilimia 30 kwenye nguzo iliyokauka miaka mia tatu, kitasinyaa, pete zitalegea, na utaitwa tena.

Kuhusu mazoezi: si lazima uwe na hekalu. Moshi kuna stesheni ya reli ya enzi ya Wajerumani, Arusha kuna Boma lililokamilika 1900, na mlimani kuna makanisa ya zamani ya misheni, Kilema, Kibosho, Machame, yenye kenchi za mbao za kupima. Omba ruhusa ya maandishi kwa mwenye jengo. Ujue pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Haya ya Wajerumani yanahitaji kutangazwa rasmi kwanza. Kwa hiyo usiandike kwenye andiko lako kwamba jengo "linalindwa na sheria" kabla hujalithibitisha.

Chagua kenchi moja tu. Moja. Chora kila kiungio kwa kipimo cha 1:5, kenchi nzima 1:20, andika aina ya mbao, alama za shoka au msumeno, kila msumari uliobadilishwa. Mchoro wa namna hiyo ukiuweka kwenye maombi unazidi kurasa kumi za picha za kompyuta.

---

Mchoraji_Kijenge

Shikamoo mzee, na asante Boriti. Nina maswali mawili ya nyongeza. La kwanza, siku hizi kuna skana za leza zinazopima jengo zima kwa siku moja, kwa nini bado tepu na timazi? La pili, nimesoma kwamba chini ya rangi nyekundu ya nguzo kuna tabaka lenye damu ya nguruwe na katani. Hii katani ni mkonge wetu? Nilitaka nijaribu kwenye kipande cha mbao hapa nyumbani.

---

Boriti_na_Pao

La leza: tumia, hakuna anayekataa. Pagoda ya mbao ya Yingxian, ya 1056, yenye zaidi ya meta 67, inainama kwenye ghorofa ya pili, na bila vifaa vya kisasa usingejua inasogea kiasi gani mwaka hadi mwaka. Lakini leza inaona ngozi. Haioni ulimi ulio ndani ya tundu, haikwambii kipande kipi ni cha asili na kipi kiliwekwa enzi ya Ming, haioni alama ya wino ya fundi. Na inakupa namba nyingi mno, zote zikionekana sahihi sawasawa.

Kwenye kanuni za Song kila kitu kinatokana na kipimo kimoja, cai, yaani mkato wa mkono wa dougong (kile kipande kinachotokeza kubeba vya juu yake): kimo chake sehemu 15, upana 10. Sehemu moja inaitwa fen. Kuna madaraja 8 ya cai, kubwa kuliko yote ni cun (inchi ya Kichina) 9 kwa 6, dogo 4.5 kwa 3. Ukumbi mkubwa daraja kubwa, kibanda cha bustani daraja dogo. Kwenye Foguang mkono una kimo cha takriban sm 30, kwa hiyo fen moja ni kama sm 2, na ukishaipata hiyo unaanza kuona nguzo, boriti na ukingo vinaongea lugha moja.

Tatizo ni kwamba mbao haikai kama ilivyokatwa. Inasinyaa kufuata pete za mti karibu maradufu ya inavyosinyaa kuelekea kiini, na kwa urefu wa nyuzi karibu haisinyai kabisa. Halafu kile kibao cha chini kabisa cha dougong kinabonyezwa na mzigo wa paa karne baada ya karne. Ukipima mkono mmoja ukapata sm 29.1, huna cai, una mkono mmoja uliosinyaa. Pima mingi, pande zote za jengo, tenga vipande vilivyobadilishwa, andika mwelekeo wa nyuzi kwa kila kipimo, ndipo utafute wastani. Na usilazimishe. Kuna makala kibao ambazo mwandishi alishaamua urefu wa chi (futi ya Kichina, cun 10) ya enzi ile kabla hajapanda ngazi, halafu kila namba ikakubali. Wakaguzi wa majarida wanakunusa haraka.

---

Chokaa_Mbichi

La katani najibu mimi. Hapana, siyo mkonge. Wachina wanatumia nyuzi za mmea wa hemp, laini kuliko mkonge, zinachanwa na kupigwa hadi zinakuwa kama pamba iliyoparaganyika. Kiswahili kimezoea kuita vyote katani, hasa huku kwetu ambako mashamba ya mkonge yako njiani ukielekea Tanga, ndiyo maana unachanganyikiwa. Kwa kujifunza mkono unaweza kutumia nyuzi za mkonge zilizochanwa vizuri, ila ni ngumu, zinainuka kwenye pembe na hazikubali kulala kwenye mkunjo wa nguzo. Majaribio ya namna hiyo usiyaandikie makala.

Tabaka lenyewe linaitwa dizhang, na la kawaida kwa nguzo za nje ni "katani moja, majivu matano". Hayo majivu ni unga wa matofali uliosagwa na kuchekechwa kwa madaraja, siyo jivu la jikoni. Kifungashio ni damu ya nguruwe iliyopigwa na kuchanganywa na chokaa, pamoja na uji wa ngano, chokaa na mafuta ya tung (ya mbegu za mti wa Kichina) yaliyopikwa. Kwanza mbao inachanjwachanjwa kwa kishoka ili ishike, nyufa zinapanuliwa kwa kisu na kuzibwa kwa vijiti vya mianzi, kisha inapakwa maji ya mchanganyiko. Ndipo jivu la kwanza linaingia nyufani, la pili linapakwa kote, katani inalazwa ikikatiza nyuzi za mbao na kushindiliwa, jivu la tatu linaikandamiza, la nne la kati, la tano laini kabisa. Mwisho mafuta mabichi ya tung yananyweshwa.

Hapo mwishoni ndipo watu wanapopoteza kazi ya wiki nyingi. Jivu laini likishakauka linasuguliwa na kunyweshwa mafuta papo hapo, bila kusimama katikati ya nguzo. Ukiliacha lipigwe na upepo usiku kucha, asubuhi lina nyufa kama tope la bwawa. Kosa la pili ni kuvika koti hili mbao yenye unyevu. Koti ni zito, halipumui sana, na maji yaliyomo yanabaki kupika nguzo. Ndiyo ile nguzo ya mzee inayong'aa nje na kuwa unga ndani.

Ukitafuta mada ya uzamili ambayo mtu wa Arusha anaweza kuwa na la kusema, iko hapa, au kwenye chokaa. Chokaa ya Kichina yenye uji wa mchele wa kunata imefanyiwa utafiti mzuri Chuo Kikuu cha Zhejiang: wanga wa mchele unazuia fuwele za chokaa zisikue ovyo, zinabaki ndogo na zimeshikana. Wewe unatoka nchi yenye Kilwa na Mji Mkongwe, kuta za matumbawe na chokaa. Linganisha.

---

Karani_wa_Fomu

Mmemwacha bila utaratibu wa maombi. Kwa kifupi.

Ufadhili wa serikali ya China una njia mbili kubwa: kupitia nchi yako na ubalozi, au moja kwa moja kupitia chuo. Ya chuo inafaa zaidi kwa fani hii, kwa sababu bila msimamizi aliyekukubali hujapata kitu. Umri: chini ya miaka 35 kwa uzamili, chini ya 40 kwa uzamivu. Posho ni yuani 3,000 kwa mwezi kwa uzamili na 3,500 kwa uzamivu, juu ya ada na malazi. Madirisha kwa kawaida hufunguka kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili, kila chuo na tarehe yake.

Nyaraka: vyeti na matokeo yaliyothibitishwa, barua mbili za wahadhiri wa ngazi ya profesa au profesa mshiriki, mpango wa masomo, pasipoti, cheti cha lugha, na fomu ya afya ya wageni. Hiyo ya afya ndiyo inayorudisha watu: kila kisanduku kijazwe, daktari asaini, na muhuri wa hospitali ukanyage ukingo wa picha. Majibu yanaishi miezi 6, kwa hiyo usipime mapema kwa kiherehere. Kwa usanifu majengo, ongeza jalada la michoro hata kama hawajaliomba.

Kama huna Kichina, unaweza kupewa mwaka mmoja wa lugha kabla ya masomo. Programu za Kiingereza zipo, ila kwa mtu wa mbao ni mtego: utasoma nadharia, halafu ufike kijijini Shanxi fundi anaongea lahaja ambayo hata Mchina wa Shanghai anaomba arudie.

La hatari zaidi: China ina sheria kali ya upimaji wa ardhi. Mgeni hapimi wala hakusanyi majira ya nukta (koordineti za GPS) kivyake, anahitaji kibali na kushirikiana na taasisi ya huko. Usirushe droni juu ya hekalu, usitembee na kifaa cha kurekodi majira ukidhani unajifunza tu. Fanya kila kitu ndani ya mradi wa msimamizi, jina lako likiwa kwenye orodha ya timu. Maeneo ya urithi yanayolindwa ngazi ya taifa pekee, majengo yakiwemo, yalifika 5,058 mwaka 2019, na michoro ya ukarabati inaandaliwa na taasisi zenye leseni. Ndiyo maana maprofesa wengi hufanya kazi kupitia taasisi ya usanifu ya chuo.

---

Vigae_Viwili

Naomba kupingana kidogo na hewa ya uzi huu, kana kwamba ukipima vizuri mengine yatajileta. Ugomvi mkubwa wa fani siyo wa vipimo. Sheria ya China ya kulinda mali za kale, ya 1982, inataka usibadili "hali ya asili" ya jengo. Hali ipi? Ukumbi wa Nanchan, wa 782, ulikarabatiwa 1974 na 1975, na wakarabati wakaurudishia ukingo mpana wa paa kwa namna ya Tang, wakaondoa yaliyoongezwa enzi za baadaye. Kazi ya mikono ilikuwa safi. Leo wapo wanaosema tulipoteza ushahidi wa miaka zaidi ya elfu wa watu waliolitunza jengo lile. Miongozo ya mwaka 2000, iliyoandaliwa na ICOMOS China (tawi la baraza la kimataifa la wataalamu wa majengo na maeneo ya kale) pamoja na taasisi ya Getty ya Marekani na tume ya urithi ya Australia, ikapitiwa upya 2015, imesogeza uzani kuelekea kuingilia kidogo iwezekanavyo. Lakini mbao na vigae haviishi bila kubadilishwa, na ule ufundi wa kubadilisha nao umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika tangu 2009. Kwa hiyo kipande kipya kilichochongwa na fundi wa mkono ni uhifadhi au ni uharibifu?

Usiende kwenye usaili bila msimamo hapo. Hata ukiwa mbovu, uwe nao. Na soma jarida la Built Heritage la Tongji, ni la Kiingereza, limeanza 2017, litakuonyesha nani anagombana na nani.

---

Boriti_na_Pao

Vigae, nakubali, ila mchoro ndio unaokuwezesha kugombana kuhusu Nanchan. Kama kusingekuwa na kumbukumbu za kabla ya 1974 tusingejua kilichoondolewa.

Kazi ukirudi: usitegemee tangazo litakaloandika "mhifadhi wa mahekalu". Utauza ujuzi wa mbao, chokaa, unyevu na uandishi wa kumbukumbu za jengo. Vyuo vyetu vinavyofundisha usanifu vinahitaji wahadhiri wenye uzamivu. Mji Mkongwe na Kilwa wanahitaji watu wa chokaa kila mwaka. Upande wa pili, timu za China zinafanya kazi nje: Chau Say Tevoda kule Angkor, jumba la ghorofa tisa la Basantapur mjini Kathmandu baada ya tetemeko la 2015, na hapa jirani Chuo Kikuu cha Peking kilichimba Mambrui, Kenya, kwa kushirikiana na makumbusho ya taifa ya huko. Mtu anayesoma Kichina cha kiufundi na Kiswahili cha fundi kwenye timu ya namna hiyo ni adimu. Jisajili na bodi ya wasanifu kabla hujaondoka, ukirudi baada ya miaka saba kuanza upya kunachosha.

---

Mchoraji_Kijenge

Asanteni sana. Nimepata ruhusa ya jengo moja la zamani lenye veranda ya nguzo za mbao, nimeanza Jumamosi. Timazi inanisumbua: upepo unacheza nayo, nguzo hiyohiyo nasoma milimita 8, nikirudia 15. Nasahihishaje?

---

Mzee_wa_Timazi

Marahaba. Zamisha jiwe la timazi kwenye ndoo ya maji, au mafuta machafu ya injini kama upepo ni mkali, lisiguse chini wala ukuta wa ndoo. Subiri litulie dakika mbili. Uzi uwe mwembamba, siyo kamba ya manila. Usipime kutoka uso mmoja wa nguzo, maana nguzo nyingi zinapungua unene kuelekea juu na utaandika mwinamo ambao haupo. Pima kutoka kwenye uzi hadi nyuso mbili zinazotazamana, juu na chini, upate kiini cha kila mkato, kisha ulinganishe viini. Rudia kwa upande wa pili, uwe na pembe mbili. Asubuhi kabla jua halijapiga mbao ni bora zaidi.

Halafu chukua daftari lako uandike hili ukurasa wa kwanza, kwa ajili ya siku utakayopima kule. Nguzo za ukingo za enzi ya Song zilijengwa zikiwa *zimeinama* kuelekea ndani: sehemu 1 kwa 100 upande wa mbele, 0.8 kwa 100 upande wa ubavuni. Nguzo ya meta 5, hiyo ni sm 5 za makusudi. Na za kwenye kona ni ndefu kuliko za katikati, kwa jengo la nafasi 3 (nafasi kati ya nguzo na nguzo, upande wa mbele) zinazidi cun 2, la nafasi 5 cun 4, la 7 cun 6. Wapo waliokuja na jeki wakazinyoosha.